Je, Binti Yako Amechanjwa?

Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya chanjo, lakini si ya watoto wachanga. Mtoto mchanga tunajua kumpeleka kliniki. Kadi yake tunaitunza kwenye mfuko wa nailoni ndani ya sanduku la nguo, na tarehe ya surua tunaikumbuka bila kuambiwa na mtu. Mtoto huyo akifika miaka 9, akafika 12, akafika 14, ana afya yake, anasoma, anachota maji na kumbeba mdogo wake mgongoni, hapo ndipo kadi inapopotea. Tunaamini kwamba mambo ya sindano yamekwisha.

Hayajakwisha. Iko chanjo moja ambayo hapa kwetu hutolewa kwa wasichana wa umri huo, nayo ni chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Sisi tunaoandika ni wauguzi, tena tunatumika katika idara ya akina mama kanisani. Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukifuatana na wenzetu wa zahanati kwenda vijiji vya Uyui, Urambo na Sikonge kuzungumza na wazazi. Tumekalishwa chini ya miembe mingi na kuulizwa maswali mengi. Tungependa kuwaeleza kwa nini binti huyu huchanjwa na jirani yake asichanjwe, maana sababu zenyewe aghalabu si zile ambazo watu hudhani.

Ugonjwa wenyewe

Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi viitwavyo HPV. Virusi hivi hupita kutoka mtu hadi mtu kwa njia ya kujamiiana, na vimeenea mno, hata watu wengi walio na ndoa wamewahi kuvipata bila kujua. Kwa wengi mwili huviondoa wenyewe. Kwa wachache hubaki, na baada ya miaka 10, 15 au hata 20, pale kwenye mlango wa kizazi panageuka kuwa saratani. Aina mbili za virusi hivyo, zinazojulikana kwa namba 16 na 18, ndizo zinazosababisha kiasi cha saratani 7 kati ya kila 10 za mlango wa kizazi, na chanjo imetengenezwa kuzizuia hizo.

Hapa Tanzania inakadiriwa kwamba wanawake zaidi ya 10,000 huugua saratani hii kila mwaka, na zaidi ya 6,500 hufariki. Hakuna saratani nyingine inayowaua wanawake wengi kiasi hicho katika nchi yetu. Na anayekufa si bibi aliyeshiba siku zake. Mara nyingi ni mama wa miaka 40 au 50, mwenye watoto walio shuleni na pengine mjukuu wa kwanza mgongoni.

Sisi tuliowauguza wanawake hawa tunajua jinsi wanavyochelewa. Damu inatoka baada ya tendo la ndoa, ananyamaza. Uchafu unatoka wenye harufu, anaona aibu, anajitenga, anaacha hata kwenda kwaya. Anakunywa dawa za miti shamba mwaka mzima. Akifika hospitali, ugonjwa umekwisha kusambaa, na safari ya matibabu ya mionzi ni ndefu: Bugando kule Mwanza, au taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Mtu wa Kaliua auze nini ili akae Dar es Salaam wiki kadhaa pamoja na anayemwuguza? Anauza ng'ombe, kisha anauza shamba, na mtoto mmoja anaacha shule.

Ndiyo maana chanjo hutolewa mapema, kabla binti hajakutana kamwe na virusi hivyo. Chanjo hii haitibu. Haifukuzi virusi vilivyokwisha kuingia. Inafanya kazi yake vizuri zaidi kwa yule ambaye bado, na hilo ndilo jibu kwa mama anayetuuliza, “Mbona mnamchoma mtoto mdogo namna hii?”

Ilivyofika kwetu

Katika nchi yetu chanjo hii ilijaribiwa kwanza kwa utoaji wa shuleni, Mwanza ikiwa mojawapo ya mahali hapo katika mwaka 2010 na 2011, kisha serikali ikaianzisha kwa majaribio mkoani Kilimanjaro mwaka 2014. Mwezi Aprili 2018 ilizinduliwa kwa nchi nzima. Aliyeizindua ni Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais. Kwa kuwa chanjo ilikuwa haba duniani, ilianza kwa wasichana wa miaka 14 peke yao, nao walipaswa kuchomwa mara mbili kwa kupisha miezi 6. Hapo ndipo wengi walipopotea. Sindano ya kwanza alipata, ya pili ilipofika alikuwa amehamia kwa shangazi, amemaliza darasa la saba, au ameolewa.

Tangu mwezi Aprili 2024 mambo yamekuwa mepesi. Sasa ni sindano moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na katika wiki ya kampeni ya mwezi ule serikali ililenga kuwafikia wasichana karibu milioni 5. Sindano hiyo moja haikuchaguliwa kwa kubana matumizi, kama tulivyomsikia baba mmoja akilalamika. Wataalamu waliwafuatilia wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 hapohapo Mwanza, wengine wakapewa sindano moja, wengine mbili, wengine tatu. Baada ya miaka miwili karibu wote waliochomwa moja walikuwa bado na kinga mwilini. Kule Kenya, wasichana na wanawake vijana zaidi ya 2,000 walioshiriki katika utafiti wa namna hiyo walionyesha kwamba sindano moja inazuia maambukizi ya aina zile mbili. Ndipo Shirika la Afya Duniani likakubali mwaka 2022 kwamba nchi zinaweza kutoa dozi moja. Binti anayeishi na virusi vya UKIMWI yeye anahitaji zaidi ya moja, na mama yake aulize kliniki anakochukulia dawa.

Tabora na chanjo ni marafiki wa zamani

Wazee wa Tabora wakituambia kwamba chanjo ni mambo ya wageni, huwa tunatabasamu. Njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji, haikubeba pembe na shanga tu. Ilibeba na ndui. Wapagazi wa Kinyamwezi waliugua njiani na kuachwa kando ya njia, na waliofika waliileta majumbani. Mwingereza Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857 wakati mji ukiitwa Kazeh, aliiandika ndui kuwa tauni ya kutisha kuliko zote katika nchi hizi. Aliandika pia kwamba Waarabu walikuwa na desturi ya kuchanja: walichukua usaha wa mgonjwa na kuutia katika mchanjo mdogo kwenye paji la uso. Hata neno lenyewe, chanjo, limetoka katika kuchanja, kama tunavyosema kuchanja chale.

Ndui ilikwisha kwa chanjo ya kisasa, na mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kuwa haipo tena. Bibi zetu wengi bado wana kovu lake mkononi. Tulipokuwa katika kijiji kimoja upande wa Urambo, bibi mmoja alikuwa amekataza wajukuu zake watatu wasichomwe. Mwenzetu alimwomba tu aonyeshe mkono wake. Aliutazama, akacheka, akasema, “Hili nilipigwa nikiwa msichana, na wote tuliopigwa tulizaa.” Wajukuu watatu wakachanjwa siku hiyo. Hatusemi kila bibi yuko hivyo. Lakini katika familia nyingi za kwetu bibi ndiye mwenye neno, hasa pale mama wa mtoto yuko mjini akitafuta maisha, na anayekwenda kuelimisha akimpita bibi akaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, anajisumbua.

Siku ile hakuwapo

Sasa turudi kwenye swali letu. Katika ule utoaji wa Mwanza wa mwaka 2010 na 2011, shule 134 zilihusika. Wasichana zaidi ya 8 kati ya kila 10 walipata sindano ya kwanza. Waliobaki je? Sababu kuu zilikuwa mbili, na zilikaribia kulingana: kwa kila wasichana 100, kama 6 hivi walikosa kwa sababu hawakuwapo shuleni, na kama 7 walikosa kwa sababu mzazi alikataa.

Angalieni jambo hilo, akina mama. Tunapozungumza juu ya chanjo tunamkemea anayekataa. Yule ambaye hakuwapo hatumsemi, wala mama yake hajui kwamba kuna kitu binti yake amekosa. Jambo lingine lililoonekana kule ni kwamba shule za mjini zilichanja wachache kuliko za vijijini, na shule za kulipia wachache kuliko za serikali. Kwa hiyo tusidhani kwamba anayehitaji kuelimishwa ni mama wa kijijini peke yake. Mama wa mjini mwenye simu mbili amekwisha kusoma kila uvumi.

Kwa huku kwetu, kutokuwapo shuleni kuna majira yake. Mikoa mingine ina mambo yake, sisi tuna tumbaku. Majani huanza kuchumwa baada ya mwaka mpya, na mwezi Aprili mabani katika vijiji vya Urambo, Kaliua na Sikonge bado yana moto. Msichana wa miaka 12 ana mikono myepesi ya kufunga majani kwenye vijiti, naye hubakizwa nyumbani “siku mbili tu.” Siku mbili hizo ndizo muuguzi alizopita. Watoto wa wafugaji nao wako mbali na mifugo, na wengine hawajaandikishwa shule yoyote. Hapo pia umbali una sehemu yake: zahanati iko mwendo wa saa tatu kwa miguu, mvua imekata barabara, chanjo haina budi kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na kasha la barafu halingoji mtu aliye porini.

Iko sababu nyingine ambayo wasichana wenyewe walitueleza, na wakubwa hatukuifikiria. Muuguzi akionekana getini, baadhi yao hutoroka. Kwa miaka mingi muuguzi aliyekuja shuleni kwa ajili ya wasichana wakubwa alikuja kupima mimba, na aliyekutwa nayo alifukuzwa. Ruhusa ya kurudi shuleni baada ya kujifungua serikali ilitoa mwezi Novemba 2021, lakini hofu haifutwi kwa waraka. Msichana ambaye hana mimba naye hukimbia, kwa kuwa hataki kuonekana katika foleni hiyo. Mama akimwambia binti yake jioni ya kuamkia siku ile, “Kesho mtachomwa sindano ya begani, hakuna kingine kitakachopimwa,” binti atakaa.

Mzazi anapokataa

Anayekataa tumsikilize kwanza. Hofu iliyo kubwa kuliko zote ni moja: utasa. Kwa nini wachome wasichana peke yao? Kwa nini kabla hawajaolewa? Kwa nini bure, wakati panadol hulipiwa? Katika nchi ambayo mwanamke asiye na mtoto huitwa majina na kurudishwa kwao, hofu hii si ujinga. Mama anayeuliza hivyo anamlinda binti yake.

Tunamjibu hivi. Wanachomwa wasichana kwa sababu mlango wa kizazi wanao wasichana. Wako nchi zinazowachanja wavulana pia, maana wanaume nao hubeba virusi na kuvipitisha, lakini kwa chanjo tuliyo nayo ni bora kuwamaliza kwanza wasichana. Ni bure kama surua na polio zilivyo bure. Na kuhusu kuzaa, Australia ilianza mwaka 2007, na wasichana wale sasa ni akina mama wenye watoto. Jirani zetu Rwanda walianza mwaka 2011, nchi ya kwanza ya Afrika kuwachanja wasichana wake kwa taifa zima, na zaidi ya 9 kati ya 10 walipata. Waliokuwa darasa la sita mwaka ule sasa wanazaa. Chanjo haina virusi vilivyo hai; ina ganda la nje tu, la kuufundisha mwili umtambue adui. Kule Uskoti, taarifa iliyotolewa Januari 2024 ilisema kwamba kati ya wanawake waliochanjwa kikamilifu wakiwa na miaka 12 au 13 tangu mwaka 2008, hakuna hata mmoja aliyekwisha kuonekana na saratani hii.

Lakini jibu ambalo tumeona likifanya kazi kuliko yote halitoki Uskoti. Tunamwuliza mama, “Ulipokuwa na mimba ya huyu, ulichomwa sindano ya pepopunda?” Anasema ndiyo. “Na ya huyu wa pili?” Ndiyo. “Mlituamini na mimba tumboni, leo mnahofu nini?” Mara nyingi hapo kicheko kinatoka, na mazungumzo yanaanza upya.

Hata hiyo sindano ya pepopunda imewahi kuzushiwa. Mwaka 2014 nchini Kenya, maaskofu wa Kanisa Katoliki walipinga kampeni ya pepopunda iliyowalenga wanawake wa miaka 14 hadi 49, wakisema imetiwa kitu cha kuzuia uzazi. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Maneno yale hayakuishia Kenya. Yalikuja kwa basi na kwa simu, na miaka mingi baadaye tumeulizwa juu yake katika uwanja wa kanisa hapa Tabora. Kisha ikaja corona. Mwanzoni mwa mwaka 2021 wananchi walisikia kutoka juu kabisa kwamba chanjo zile hazifai, na mwezi Julai mwaka huohuo wakaambiwa zinafaa, wajitokeze. Mama wa kawaida afanye nini? Tangu wakati ule, kila tunapotaja sindano, swali la kwanza ni, “Siyo ile ya korona?” Siyo. Ni chanjo nyingine kabisa, ya zamani kuliko corona kwa miaka mingi.

Tumejifunza pia kwamba kukataa hakutoki kwa mama peke yake. Mama amekubali, anasema, “Ngoja nimwulize baba yake.” Baba yuko porini kwenye asali, au yuko mnadani Nzega, na akirudi wiki imekwisha. Wanandoa walizungumze jambo hili mapema, jioni wakila, kabla tangazo halijafika. Baba mwenye mabinti akielezwa kwa heshima, si kwa kushtukizwa, aghalabu hakatai. Kuna mmoja, mkulima wa tumbaku, alituambia kwamba kilichomuudhi si chanjo bali kusikia habari ya binti yake kwa mtoto wa jirani.

“Je, hatutakuwa tunamruhusu?”

Swali hili huulizwa kanisani kwa sauti ya chini, baada ya wengine kuondoka. Mama ana hofu kwamba akimchanja binti yake dhidi ya ugonjwa unaopitia kujamiiana, ni kama amemwambia, nenda.

Tumelea mabinti na sisi, na hofu hii tunaielewa. Lakini tufikiri kidogo. Msichana wa miaka 10 akichomwa begani haoni kitu cha kumruhusu wala kumkataza; anaona sindano. Mafundisho ya usafi wa maisha anayapata kwako, na yataendelea kuwa na nguvu ileile kesho yake. Halafu liko jambo ambalo akina mama wa ndoa tunalijua ingawa hatulisemi. Binti anaweza kujitunza hadi siku ya harusi yake, akaolewa na kijana aliyeokoka mwaka jana. Kijana huyo amesamehewa yote, lakini virusi alivyovipata zamani havikuuliza. Wanawake kadhaa tuliowauguza kwa saratani hii hawakuwahi kumjua mwanamume mwingine ila mume wao. Kuwaambia watu kwamba huu ni ugonjwa wa wazinzi ni kuwaongezea jeraha wagonjwa, tena si kweli.

Tusisahau pia mkoa tunamoishi. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 na 2016, kati ya wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19 mkoani Tabora, 43 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Ni Katavi tu waliotuzidi. Kwa hesabu hiyo, kungoja hadi binti “awe mkubwa” ni kungoja hadi wakati umepita.

Yule aliye nyumbani kwako

Tumemwacha mmoja makusudi ili tumseme kwa utulivu, naye ni binti wa kazi.

Tabora huwatoa wengi. Anatoka kijijini ana miaka 13 au 14, amemaliza darasa la saba au hakumaliza, ameletwa na shangazi wa mtu, anafika mjini na mfuko mmoja. Sheria ya kazi inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na tunaomba kila mama anayesoma hapa aizingatie. Lakini wako, katika nyumba nyingi, hata za watu wa kanisani. Kampeni ikija, mabinti wa mwenye nyumba wanachanjwa shuleni kwao. Yeye anabaki akiosha vyombo. Shuleni hayupo, kijijini hayupo, mama yake hajui, na mwenye nyumba hakumfikiria. Hakuna mtu aliyemkatalia chanjo, ila tu hakuna aliyehesabu kwamba na yeye ni msichana wa miaka 14.

Mabinti hawa wako katika hatari kuliko wale wa shuleni. Hawana mlinzi, na wengine huharibiwa katika nyumba hizohizo walimo. Tukiwa katika semina moja ya akina mama hapa mjini, tuliwauliza waliokuwapo ni wangapi wana binti wa kazi wa umri huo. Mikono mingi iliinuka. Tukauliza ni wangapi wanajua kama amechanjwa. Kimya. Juma lililofuata mama mmoja alikuja zahanati akiwa ameongozana na wanne: wawili wake, wa kwake wa kazi, na wa jirani.

Kama unaye, siku ya kwenda ni siku yoyote ya kliniki. Haihitaji kungoja kampeni wala sare ya shule. Zahanati na vituo vya afya vya serikali hutoa chanjo hii bila malipo, na vivyo hivyo hospitali na vituo vingi vya mashirika ya dini. Pigia simu kwao kwanza. Mama yake ana haki ya kujua na kukubali, na ukimweleza vizuri pengine atawapeleka na wadogo zake kulekule kijijini. Iwapo binti ana mimba, mweleze muuguzi. Atangoja hadi ajifungue. Akiwa na homa kali, asubiri ipungue.

Ahakikishe amekunywa chai au uji kabla ya kwenda. Wasichana wa umri huu huzirai kwa hofu, si kwa dawa, na mmoja akianguka kwenye foleni wote nyuma yake wanakimbia; kwa hiyo akae chini robo saa baada ya kuchomwa. Bega litauma siku moja au mbili. Anaweza kupata homa ndogo au kichwa kikamgonga, na dawa ya kawaida ya maumivu inatosha. Usimpe ndoo kubwa za maji jioni ile.

Nawe mwenyewe mama, ikiwa una miaka 30 na kuendelea, usitoke pale zahanati kabla hujauliza kama wanapima mlango wa kizazi, na kama hawapimi wakuelekeze kituo kilicho karibu kinachopima. Kipimo ni cha siki tu, hakichukui hata dakika kumi, na panapoonekana pamebadilika hugandishwa kwa baridi kali kabla hapajawa saratani. Sindano ya binti haiwezi kukusaidia wewe.

Halafu kadi. Atapewa kadi au cheti chenye tarehe. Angalia kwamba jina lililoandikwa ni lile la kwao alilobatizwa au aliloandikishwa shuleni, wala si lile mnalomwita hapo nyumbani, na umpe aiweke katika mfuko wake mwenyewe, maana siku atakayorudi kwao ndiyo atakayoonyesha.